Hifadhi ya Uluguru: Nani Alitoa, Nani Anadaiwa

Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kwamba misitu ya juu ya milima ya Uluguru imekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Misitu miwili mikubwa ya lindimaji, Uluguru Kaskazini na Uluguru Kusini, iliunganishwa na misitu midogo ya Bunduki pamoja na ukanda wa ardhi uliokuwa ukiitenganisha, na eneo lote likafikia hekta zipatazo 24,115. Mkazi wa Kihonda, mjini Morogoro, ambaye safu hiyo anaiona kusini kwake kila akitoka nje, hakuwa na sababu ya kushtushwa na habari hiyo. Hakuulizwa neno, hakudaiwa shilingi, na maji yaliendelea kufika bombani kwa mgao uleule. Hapo ndipo ninapoona kasoro. Hifadhi ile ilianzishwa kama jambo la pande mbili, Serikali na watu wa mlimani, na hali wahusika ni watatu. Yule wa tatu, anayeoga, anayepika na kuendesha kiwanda kwa maji ya mlima huo, hakuitwa kikaoni. Ninachotetea hapa ni kwamba mpaka aitwe na abebe sehemu yake ya gharama, kazi ya kuianzisha Hifadhi ya Uluguru itabaki haijakamilika.

Hoja ya namna hii haistahili kuachwa ijisemee yenyewe, kwa hiyo nimeiweka mbele ya wasemaji watatu. Hawana majina, maana kila mmoja amebeba maneno ya wengi: Bwana Misitu anayesimamia sheria, mzee wa ukoo ambaye shamba lake liko hatua chache chini ya mpaka wa hifadhi, na mama wa Kihonda anayelipa bili ya maji.

BWANA MISITU: "Tusianze kwa lawama. Mwaka 2008 hatukumnyang'anya mtu msitu. Mpaka ule waliuweka Wajerumani, Waingereza wakaulinda, nasi tukaurithi. Tulichofanya ni kuupandisha daraja. Sera ya misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilitupa nafasi ya kuyapa maeneo ya aina hii ulinzi wa juu kabisa. Amani kule Usambara Mashariki ilitangulia mwaka 1997. Uluguru ina kila sababu ya kufuata: ina kipwe wake ambaye hapatikani mlima mwingine wowote duniani, ina mimea isiyohesabika, na ndiyo chanzo cha mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam."

MZEE: "Bwana Misitu, umesema kweli, lakini umeanzia katikati. Kabla ya bikoni ya Mjerumani kulikuwa na ukoo, na ardhi ya ukoo Uluguru hupita kwa mama. Kulikuwa na mapori ya mizimu ambayo mtu hakati hata fito. Wazaramo walikuwa wakitoka huko kwao kwenye joto, wanapanda mpaka kwenye pango la Kolelo kuomba mvua, na hawakuja mikono mitupu. Mtu wa bondeni alijua kwamba mvua inatoka juu, na kwamba anayekaa juu anastahili kitu. Ninyi mlipokuja mliuchukua msitu, mkatuachia zuio."

Kwa tarehe Bwana Misitu yuko sahihi, ila naona mzee ndiye aliyelishika jambo lenyewe. Ni kweli kwamba hifadhi ya 2008 haikumega mashamba kwa wingi. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa imefungwa tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ni ukanda wa Bunduki tu ndio uliokuwa kazi mpya, ili msitu wa kaskazini na wa kusini upate tena njia ya kukutana. Lakini kupandisha daraja nako kuna uzito wake. Katika hifadhi ya mazingira asilia kinachoruhusiwa ni utafiti, mafunzo na utalii. Nguzo ya kujengea na mti wa kupasulia mbao havimo tena katika mazungumzo. Vijiji vinavyopakana na hifadhi, ambavyo ni kama hamsini hivi, viliambiwa habari za usimamizi wa pamoja kati ya kijiji na Serikali. Usimamizi wa aina hiyo una maana pale ambapo kuna mapato ya kugawana. Kijiji chenye msitu wake chenyewe, kama sheria ya 2002 inavyoruhusu, huvuna na kuweka mapato mfukoni mwake. Kijiji kilichopakana na msitu wa lindimaji hugawana doria na kuzima moto. Mtu akiuita huo ushirikiano bila kueleza malipo yanatoka wapi, mzee ana haki ya kucheka.

Habari za Kolelo nazo zisichukuliwe kama ngano za kale. Zinaonyesha kwamba uhusiano wa bonde na mlima uliwahi kuwa na pande zote mbili: wa bondeni alipanda na zawadi, wa mlimani akatunza mahali pa maombi, na chifu Kingalu wa Kinole akaheshimiwa kwa sababu ya mvua. Serikali za kikoloni ziliukata uhusiano huo, zikaweka amri mahali pake, na amri ilipozidi mlima ukakataa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kila mwenye nguvu alitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye shamba lake ili udongo usishuke mtoni, na asiyechimba alitozwa faini. Mwaka 1955 huko Matombo watu walikusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango wote ulizikwa mwaka huohuo. Maofisa wa wakati ule walisema ni ukaidi na siasa za uhuru. Siasa zilikuwepo, lakini jembe nalo lilikuwa na ushahidi wake. Udongo wenye rutuba katika sehemu nyingi za Uluguru ni tabaka jembamba. Ukichimba ngazi pana unaufukia ule mweusi na kuleta juu ule mwekundu usioota kitu, na mkulima aliyehenyeka msimu mzima anavuna pungufu ya jirani yake aliyekataa amri.

Ng'ambo ya pili ya mlima, Mgeta, mambo yalikwenda tofauti. Huko matuta hayakufa pamoja na mpango. Mpaka leo mtu akipita Nyandira au Tchenzema anaona miteremko iliyokatwa ngazi nyembambanyembamba, kila moja na kabichi, njegere au viazi vyake. Hakuna polisi anayeyalinda matuta hayo. Mgeta kuna ubaridi, kuna maji ya mifereji, na kuna lori linalopeleka mboga mjini Morogoro na Dar es Salaam, na mkulima akiona kazi ya ngazi inarudi kama fedha anaifanya bila kusukumwa. Kati ya Matombo na Mgeta kuna ushahidi wa kutosha kumfunga mdomo yeyote anayesema mtu wa mlimani hapendi kuhifadhi. Anahifadhi pale hifadhi inapomlipa.

BWANA MISITU: "Hayo ni ya kilimo. Mimi naulizwa msitu. Na msitu wetu umesimama. Bila mpaka huo leo usingekuta mti kwenye vilele vya Bondwa wala Lupanga."

Hili nalo ni kweli, na wanaoilaumu hifadhi kwa kila jambo hawalitaji. Vipimo vya picha za anga vilivyolinganishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha kuwa misitu ya Uluguru ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 300 mwaka 1955, na kufikia mwaka 2000 ilikuwa imebaki kama 230. Sehemu kubwa ya kilichopotea ilikuwa nje ya misitu ya hifadhi, kwenye miteremko ya chini. Kwa maneno mengine, mstari wa Mjerumani ulishika, na chini yake kukateketea. Takwimu hizo ndizo zilizowapa nguvu waliokuwa wakidai ulinzi mkali zaidi, wakiwemo watu wa Wildlife Conservation Society of Tanzania, ambao kuanzia mwaka 1999 waliendesha mradi wa bioanuwai ya Uluguru kwa msaada wa Denmark. Mwaka 2006 Serikali ilitoa mkakati wa hatua za haraka dhidi ya uharibifu wa ardhi na vyanzo vya maji, na miaka miwili baadaye hifadhi ikatangazwa.

Lakini takwimu zilezile zinasema neno la pili. Ikiwa uharibifu ulikuwa chini ya mpaka, basi kuuimarisha mpaka kunaokoa kilichoko juu yake na kuacha kidonda kilipo. Maji yanayokuja Kihonda hayarukii mashamba. Mzinga na vijito vingine vya upande wa magharibi vinaanzia msituni vikiwa vyeupe, vinapita kwenye miteremko ya mahindi na maharage, vinabeba udongo uliolimwa kufuata mteremko, na kuumwaga Bwawa la Mindu. Bwawa hilo lilijengwa kwa ajili ya mji na viwanda vyake, na ndilo linalotoa sehemu kubwa ya maji ya Manispaa. Tangu miaka ya 1980 limekuwa likipokea tope mwaka hadi mwaka, na sehemu ya ujazo wake imekwisha kujaa udongo. Masika ikipiga, ndoo iliyokingwa bombani usiku inakuwa na ukungu wa kahawia, na asubuhi chini kumetulia tabaka laini la matope ambalo unaweza kuandika juu yake kwa kidole. Udongo huo ulikuwa shamba la mtu.

MAMA WA KIHONDA: "Sasa hapo ndipo mnaponitisha. Mnataka kuniambia nilipie tena. Mimi nalipa bili kila mwezi, maji yakikatika nanunua kwa dumu kutoka kwa kijana wa mkokoteni, na dumu moja ni ghali kuliko mapipa mawili ya bombani. Nimejenga Kihonda kwa sababu kiwanja kilikuwa cha bei ninayoiweza, sikuja kufadhili ndege wa mlimani. Kama bwawa limejaa tope, walichimbue au waliinue tuta lake. Mzee wangu huko juu, shikamoo sana, lakini shida yako usiifanye deni langu."

MZEE: "Marahaba, binti yangu. Sikukuita mdeni. Nakuuliza tu: ukikatazwa kulima ukingo wa mto mita sitini kwa sababu mtu mwingine anataka maji safi, nawe ukawa na nusu eka peke yake, hizo mita sitini nani anakulipa?"

Pingamizi la mama huyu ndilo zito kuliko yote, na anayelijibu kwa hotuba ya uzalendo hamjibu. Nianze na tuta la bwawa. Kuinua kina cha Mindu kunaweza kuwa jambo jema, lakini bwawa lililoinuliwa chini ya mteremko unaomomonyoka limeongezewa nafasi ya kuhifadhi tope, na fedha ya kulichimbua au kuliinua itatoka kwake yeye mwenyewe, kwa njia ya bei ya maji au ya kodi. Dawa ya kusafishia maji yenye tope, pampu zinazokwanguliwa na mchanga, siku za mgao chanzo kinapokauka, vyote hivyo anavilipia tayari. Shilingi anazotoa leo kwa ajili ya mlima ni nyingi, ila zinakwenda kusafisha uharibifu baada ya kutokea. Ninachopendekeza ni kwamba sehemu ndogo ya fedha hiyo ipande mlimani kabla udongo haujashuka.

Tena asilipe mama peke yake, wala asilipe wa kwanza. Kihonda ni eneo la viwanda, na mtumiaji mkubwa ana uwezo na faida ambayo mwenye mita ya nyumbani hana. Bei ya maji inaweza kupangwa ili anayetumia ndoo chache za siku asiguswe kabisa. Na walio mbali zaidi wanahusika zaidi: Ruvu ndiyo chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam, na Oktoba 2022 mto huo ulipopungua, jiji zima lilijua maana ya mgao. Haiwezekani mamilioni ya watu wa Pwani wanywe maji ya Uluguru halafu gharama ya kuyatunza iwe ya mkulima wa Kibungo huko mlimani na mama wa Kihonda tu.

BWANA MISITU: "Nina shaka na jambo moja. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukianza kumlipa mtu ili atii sheria, kesho atataka alipwe asiibe."

Hofu hiyo ina mantiki, lakini inachanganya mambo mawili. Anayeingia hifadhini kukata mti amevunja sheria, na hakuna anayependekeza alipwe ili aache. Ninazungumzia kazi inayofanyika nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya ukoo, ambako mtu ana haki ya kulima: kuchimba matuta ya fanya juu na ngazi nyembamba, kupanda majani ya kushikilia kingo, kuchanganya miti na mazao, kuacha sehemu ya mteremko ipumzike. Hiyo ni kazi ya jembe na ya mgongo, faida yake kubwa inashuka kwa wengine, na kazi ina ujira. Hata zile mita 60, ambazo ni sheria, zina sura nyingine zikipita juu ya kishamba cha nusu eka kilichorithiwa kwa bibi. Sheria isiyotekelezeka kwa maskini bila kumvunja huishia kutotekelezwa, na anayepita kando ya mito ya Uluguru anaona mahindi yamefika ukingoni.

Wala jambo hili si la kubuni. Miaka miwili mitatu kabla hifadhi haijatangazwa, mashirika ya CARE na WWF yalianza kutayarisha mpango wa malipo kwa huduma za maji katika kata ya Kibungo Juu, upande wa mashariki, kwenye vijiji kama Lanzi, Dimilo na Nyingwa. Wakulima waliingia mkataba wa kutumia kilimo cha kuhifadhi udongo, na wanunuzi wa maji chini, shirika la maji la DAWASCO na kiwanda cha Coca-Cola Dar es Salaam, wakakubali kuchangia malipo. Kiasi kilikuwa kidogo, na mradi ulitegemea sana fedha za wafadhili kwa maandalizi na usimamizi. Mwenye kupinga atasema basi umeshindwa. Mimi nauona kama jaribio lililothibitisha nusu ya hoja na kufichua udhaifu wa nusu ya pili: mkulima yuko tayari, shirika la maji linaweza kulipa, lakini malipo yanayosimama kwa hiari na kwa mradi hufika mwisho mradi unapofika mwisho. Kama yangewekwa ndani ya bei ya maji kwa kanuni, yangedumu kama bei inavyodumu. Kenya wamekwenda hatua nyingine: mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambako wanaonufaika na maji ya Nairobi wanachangia wakulima wa miteremko ya juu ya mto Tana kuzuia udongo usiingie mabwawani.

MAMA WA KIHONDA: "Na nikishakubali, hizo hela zitafika kwa huyo mzee? Au zitaishia kwenye semina na magari?"

Hapa sina jibu la kumtuliza ila la kumpa kipimo cha kudai. Morogoro ina taasisi za kutosha. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iko hapa, Mfuko wa uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki una makao yake hapa, Chuo Kikuu cha Sokoine kimekuwa kikifanya kazi na wakulima wa Mgeta na Mkuyuni tangu miaka ya 1990, na Wakala wa Huduma za Misitu ndio wenye hifadhi. Kuunda ofisi nyingine kungekuwa kuzitafutia fedha mahali pa kupotelea. Kinachohitajika ni mambo mawili yanayoonekana kwa macho: orodha ya malipo ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na kwenye ofisi ya mamlaka ya maji, jina la kijiji na kiasi; na tope lipimwe mahali mito inapoingia bwawani, masika na kiangazi, matokeo yatangazwe. Pale ambapo tope halipungui, malipo yasiendelee hivihivi. Mzee akisikia sharti hilo hapaswi kukasirika, maana linamlinda dhidi ya yule atakayesema analipwa bure.

MZEE: "Sharti hilo nalikubali. Ila nami ninalo langu. Msije mkanipangia ngazi kutoka ofisini kama mwaka 1955. Mimi najua udongo wangu unavumilia nini."

Naye ana haki, na sharti lake lisiwekwe mwishoni mwa mkataba kama nyongeza ya heshima. Kosa la miaka ya 1950 lilikuwa kuamini kwamba utaalamu uko upande mmoja. Mteremko wa Kinole wenye migomba na viungo hauhitaji kile kinachohitajika Nyandira kwenye kabichi; mahali pengine kulinda miti iliyopo shambani kunazuia udongo kuliko tuta lolote. Kipimo kikiwa ni tope linaloingia mtoni, njia ya kulipunguza inaweza kuachwa kwa anayelima.

Mahali pa kuanzia napo pameshajulikana. Bei ya maji Tanzania haipandi kimyakimya: mamlaka ya maji hupeleka maombi kwa EWURA, mdhibiti wa bei hiyo, na EWURA huitisha mkutano wa taftishi ambapo watu husimama na kutoa maoni yao. Mama wa Kihonda anaweza kwenda kusema anachokiweza na asichokiweza. Mzee wa mlimani hana mita, si mteja, kwa hiyo mara nyingi hata barua ya mwaliko haimfikii. Safari nyingine bei ya maji ya Morogoro itakapojadiliwa, wenyeviti wa vijiji vinavyopakana na hifadhi waalikwe kama wadau kamili, wapewe nauli na muda wa kuzungumza, na swali la kwanza kwenye ajenda liwe ni kiasi gani cha kila uniti kitapanda mlimani.